Kikombe Juu ya Boneti

Fundi Baridi hakuwa na kibao cha taa mlangoni. Hakuwa na ovaroli nyeupe, wala cheti kilichotiwa fremu, wala viti vya mto vya kukalia wateja. Wateja wake walikaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Hakuwa na mashine ya mvuke, ile inayokoroma kama paka aliyeshiba na kupuliza moshi mweupe ndani ya gari mpaka mwenye gari aridhike kwamba amehudumiwa. Gari lake mwenyewe pia hakuwa nalo. Hayo yote mtaa uliyajua na ulikwisha kuyazoea. Lakini alikosa kitu kimoja zaidi ambacho mtaa haukukijua, na angekubali kukosa vingine kumi ili kisijulikane. Hakuwa na pua.

Pua ya usoni alikuwa nayo, tena kubwa, ya kuheshimika. Ila ilikaa pale kama pambo. Miaka minne nyuma mafua yalimlaza wiki mbili, na alipoinuka kitandani, harufu zote za dunia zilikuwa zimeondoka bila kuaga. Kitunguu kikikaangwa, yeye alisikia mlio tu. Sabuni na petroli kwake vilikuwa ndugu. Na kazi yake, ile iliyomweka mjini na kumlea binti yake mpaka akaolewa, ilikuwa kuondoa harufu ya uvundo katika viyoyozi vya magari.

Aliyejua siri hiyo ni mkewe peke yake. Mtaa ulimwita Mama Cherehani, kwa kuwa alishona nguo katika chumba kilichopakana na karakana ya mumewe, na milango yote miwili ilitazama ua mmoja. Utaratibu wao ulikuwa hivi: fundi akishamaliza kazi, aliwasha gari, akapandisha vioo, akaacha kiyoyozi kipulize. Mkewe alitoka na kikombe cha chai. Akifika, alifungua mlango wa abiria, akaketi kidogo kama mtu anayepumzisha miguu, akatoa habari mbili tatu za mtaani, kisha akashuka. Kikombe kikiachwa juu ya boneti, harufu ingalipo. Kikiwekwa kwenye dirisha la karakana, gari ni safi. Wateja walimwambia Fundi Baridi kwamba ana bahati, mke wake hamsahau kwa chai. Naye aliitikia kwa kichwa, akainywa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ile duka lililokuwa tupu ng'ambo ya barabara lilipopakwa rangi.

Aliyelikodi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesomea viyoyozi chuoni, na cheti chake kilining'inia mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kukisoma. Haikupita wiki mtaa ukampa jina la Profesa. Alikuwa na mashine ya mvuke, alikuwa na viti vya mto, na jambo lililomchoma Fundi Baridi kuliko yote, alikuwa na adabu.

“Shikamoo, mzee,” alikuwa akivuka barabara kila asubuhi kuja kusema.

“Marahaba.” Fundi Baridi alijibu bila kutoa kichwa chini ya dashibodi.

“Mzee, ile gari ya bluu ya juzi uliiponyaje? Mimi niliipiga mvuke mara mbili ikanishinda.”

“Kwa mikono.”

Profesa alicheka kama aliyeambiwa mzaha mzuri, akarudi kwake. Mtu anayekuchekea unapomtukana ni mzigo, kwa sababu humalizi hasira zako.

Kisha zikaja ovaroli. Profesa alikuwa nazo tatu, zote zimempita kimo, akamwomba Mama Cherehani azipunguze. Mama Cherehani akavuka na mkanda wake wa kupimia. Fundi Baridi, aliyekuwa akisugua chujio la hewa lisilohitaji tena kusuguliwa, aliuona mkanda ule ukizunguka kifua cha yule kijana, ukashuka kiunoni, ukapanda begani. Bega lenyewe lilipimwa mara mbili. Akamwona mkewe anacheka, mkono mdomoni, kama alivyokuwa akicheka zamani walipokuwa wachumba.

“Anachekesha nini huyo?” akamuuliza aliporudi.

“Ati ovaroli yake inaweza kubeba yeye na abiria wawili.”

“Hicho ndicho cha kuchekwa robo saa?”

“Ulikuwa na saa?” mkewe akauliza, akiingia chumbani kwake. Halafu, kutoka ndani, bila kufikiri: “Kule kwake kunanukia limau, we acha.”

Neno lile lilimkaa kooni. Kunanukia limau. Kwake yeye kulinukia nini? Hakujua, na asingeweza kujua hata akipewa mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo alianza kuhesabu safari za mkewe kuvuka barabara. Moja kupeleka ovaroli. Moja kurekebisha kola. Moja isiyo na sababu yoyote aliyoiona. Mwanamke mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na sita na goti moja linalolia ngazini, lakini wivu haukumuuliza umri. Ulikaa naye mezani, ulimfunga viatu asubuhi.

Siku moja alikuwa akitafuta sindano ya kuzibulia tundu la bomba la maji. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani, na chini ya vishikizo akakuta bahasha. Juu yake pameandikwa kwa wino wa bluu: Kwa Mama Cherehani, binafsi. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwandiko ulikuwa uleule ulioandika kibao cha ng'ambo.

Hakuisoma. Alijiona mtu mzima mwenye heshima zake, na mtu wa heshima hasomi barua ya mwenziwe. Aliirudisha kama alivyoikuta, vishikizo juu, akatoka nje bila sindano. Barua aliyoikataa kwa macho akaisoma kwa moyo siku nzima, na kila alipoisoma iliongezeka ukurasa.

Siku ya nne baada ya hapo, Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana aliingiza gari lake uani. Alikuwa mama mfupi, mkavu, anayeongea kana kwamba kengele imebakiza dakika moja.

“Fundi, nimekwenda ng'ambo mara mbili. Siku tatu gari linanukia limau. Siku ya nne linanuka soksi za darasa zima. Wewe unaweza, au huwezi?”

“Naweza, Mwalimu.”

“Vizuri. Nikwambie na hili. Shule ina magari manne, na bodi imenitaka nipendekeze fundi mmoja wa viyoyozi, wa kudumu. Atakayelimaliza gari hili ndiye huyo. Ukimaliza, uandike maelezo kwa bodi: tatizo lilikuwa nini, nani alilikagua, na sahihi. Yaende kwa posta. Bodi haipokei karatasi za mkononi.”

Magari manne. Fundi Baridi aliinama kana kwamba anatazama tairi, asionekane uso. Hakufikiria sana kazi. Alichofikiria ni yale magari manne yakipanga foleni uani kwake, na Profesa amesimama ng'ambo na mashine yake inakoroma peke yake, na mtu fulani mwenye mkanda wa kupimia akiyaona yote hayo.

Akafanya kazi kama anayefukuzwa. Alitoa chujio la hewa, jeusi, limejaa majani makavu, akatia jipya. Alifikia koili ya baridi iliyojificha nyuma ya dashibodi, ile inayotoa jasho kama chupa ya maji ya barafu, akaisugua kwa brashi laini na dawa ya povu mpaka ikang'aa. Alifuta njia za hewa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Alasiri akawasha gari, akapandisha vioo, akasubiri chai.

Mkewe hakutokea chumbani kwake. Alitokea ng'ambo ya barabara, anatembea haraka, akaingia ndani, akatoka na kikombe. Aliketi kwenye kiti cha abiria. Safari hii hakutoa habari za mtaa. Alikunja uso, akavuta pumzi mara mbili, akashuka, akaweka kikombe juu ya boneti, akarudi kwenye cherehani yake. Mashine ikaanza kulia.

Fundi Baridi alikitazama kile kikombe. Koili aliiona kwa macho yake, inang'aa. Chujio jipya alilitia kwa mkono wake. Kilichobaki ni pua ya mtu mmoja, na mtu huyo ametoka dakika hii hii kwa yule kijana ambaye gari hili lilimshinda. Leo mume akilimaliza, kijana ataumbuka. Basi ndiyo maana. Wamekula njama. Akainua macho, na kweli Profesa alikuwa mlangoni kwake, mikono mfukoni, anatazama.

Akakichukua kikombe, akainywa chai yote kwa pumzi moja ingawa ilimchoma ulimi, kisha akakiweka dirishani.

Jioni mapema Mwalimu Mkuu alikuja kuchukua gari. Mlango wa gari ulikuwa wazi na upepo unapita, hakuna harufu aliyoisikia. Akashukuru, akaondoka.

Mama Cherehani alipotoka kuchukua kikombe, alisimama. Akautazama ua uliokuwa mtupu. Akakitazama kikombe pale dirishani.

“Gari limeondoka?”

“Limeondoka.”

“Haya,” akasema, akakibeba kikombe ndani. Chakula cha jioni kililiwa kwa sauti ya vijiko.

Siku ya pili Mwalimu Mkuu alirudi. Alisimamisha gari katikati ya ua, akashuka, akaacha milango yote minne wazi. Muuza magazeti aliyekuwa akipita akarudi nyuma hatua moja.

“Fundi,” akasema Mwalimu Mkuu, polepole, jambo ambalo si kawaida yake, “nikuulize kitu, usinikasirikie. Wewe unanusa?”

Mtu akacheka barabarani. Na kabla Fundi Baridi hajajibu, akasikia nyayo zinavuka, na sauti yenye adabu ikasema nyuma yake:

“Mwalimu, usimlaumu mzee. Gari hili hata mimi limenishinda.”

Kutukanwa angekuvumilia. Kutetewa na yule kijana, mbele ya mkewe aliyesimama mlangoni na uzi mdomoni, kulimnyong'onyeza.

“Naliacha hapa mpaka Ijumaa,” Mwalimu Mkuu akasema. “Nimechoka kuzunguka.” Akaondoka kwa miguu.

Watu walipotawanyika, Mama Cherehani aliingia karakana akafunga mlango. Hajawahi kuufunga mchana tangu waoane.

“Ulikiondoa wewe.”

“Nini?”

“Usijitie hamnazo. Kikombe.”

Kwa kuwa neno la limau lilikuwa limemkaa mumewe kooni wiki mbili, likatoka lenyewe: “Nilidhani unamtetea.”

“Namtetea nani?”

“Unamjua. Anayenukia limau.”

Mkewe alimwangalia kama anavyoangalia nguo iliyoshonwa upande. Akatoka, akarudi na ile bahasha, akaiweka juu ya benchi katikati ya koleo na bisibisi. “Soma.”

“Si yangu.”

“Nimekwambia soma, mume wangu. Umeshaisoma mara ngapi bila kuifungua? Nilijua siku ileile. Vishikizo vyangu vyeupe huwa havikai juu ya vyeusi.”

Akavaa miwani.

*Mama,* barua ilisema, *siku uliyokuja kunipima ulipita kando ya magari matatu, ukaniambia lile la katikati bado linanuka. Nililirudia nikakuta kweli. Mashine yangu inajua kupuliza, haijui kunusa, na mimi pua yangu ni ya kawaida. Naomba uwe mkaguzi wangu, mchana, siku tatu kwa wiki. Katika karatasi ya kila gari nitaandika jina lako pamoja na langu. Mzee asipopenda nitaelewa. Heshima zangu kwake.*

Aliisoma mara ya pili, akitafuta neno la kulikasirikia. Hakulipata, na hilo likamkasirisha zaidi.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nangoja uniulize. Ukawa unaniangalia kama mwizi wa kuku.” Akakaa juu ya kreti la wateja, akalinyoosha lile goti lake. “Sikiliza. Miaka minne mimi ndiye pua yako. Sijalalamika, si ndiyo? Lakini hapa mtaani mimi ni mama wa kuleta chai. Huyu kijana ameniona siku moja, siku moja tu, akakaa chini akaniandikia barua.”

Fundi Baridi alitazama mikono yake. Wivu ulikuwa bado umo, ila ulikuwa umegeuka na kumtazama yeye. Sifa ya kazi aliyokuwa akiilinda kwa siku zote zile, hakuwahi kumpa mwenye pua.

“Utakwenda kwake?”

“Kwanza tumalize gari la watu. Halafu utaandika hayo maelezo ya bodi: nani alikagua. Nikishaona ulivyoandika, nitajua cha kumjibu Profesa.” Akainuka. “Ingia, endesha. Mimi nakaa hapa pembeni.”

Wakazunguka ua, kiyoyozi kinapuliza. Mama Cherehani alikaa amefumba macho, kidevu mbele.

“Ukienda moja kwa moja inatulia,” akasema. “Kata kona. Hapo. Inapanda hapo. Kata tena.”

Akakata tena, na safari hii hakuhitaji pua. Alisikia kwa masikio yake mwenyewe, mahali fulani nyuma ya dashibodi, maji yakiyumba kama maji katika ndoo inayobebwa na mtu mwenye haraka.

Akazima gari, akashuka, akainama chini. Ardhi ilikuwa kavu. Gari lililowashwa kiyoyozi nusu saa lazima lidondoshe maji chini, jasho lote la koili hutoka kwa kijibomba cha mpira kisichozidi unene wa kidole. Jambo hilo ndilo la kwanza alilowahi kufundishwa. Jana hakuchungulia chini ya gari hata mara moja. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara.

Akalala chali chini ya gari na waya. Kijibomba kilikuwa kimezibwa kwa kitu kigumu. Akachokonoa, ikaanguka punje ya udongo mkavu, kisha nyingine. Ndani yake vyumba vidogo vilivyopangwa vizuri. Nyigu. Wale wanaojenga kwa matope, waliokuwa wamejaa chini ya paa la maegesho ya shule, walikuwa wameona kijibomba kile ni nyumba ya bure. Akasukuma kwa nguvu, na maji ya miezi yakamwagika yote usoni mwake.

Mama Cherehani aliruka nyuma akafunika pua kwa khanga. “We bwana, toka hapo.”

Yeye alibaki amelala, maji yakimtiririka masikioni, hasikii harufu yoyote.

“Inanukaje?” akauliza.

Hajawahi kuuliza. Miaka minne alitaka tu kujua ipo au haipo. Sasa aliuliza kama mtu anayeulizia habari za kwao.

Mkewe akachuchumaa, khanga ingali puani. Akafikiri. “Kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Siki kidogo. Na chini kabisa, ukingoja, kuna udongo. Ule wa mvua ya kwanza.”

Akafumba macho, akautafuta ule udongo kumbukumbuni. Akaupata, au alidhani ameupata.

Ijumaa asubuhi kikombe kilikuwa dirishani, na hapana mtu aliyekigusa. Mwalimu Mkuu alizunguka na gari vioo juu, akarudi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi Baridi alimwambia asiegeshe tena chini ya lile paa, na kila akikaribia kufika, dakika tano kabla, azime baridi aache feni peke yake, koili ipate kukauka. “Haya yote yaandike,” akasema Mwalimu Mkuu. “Bodi inakaa Jumatano.”

Mchana huohuo akaketi mezani chumbani kwa mkewe, karatasi mbele yake. Mkewe alishona, amempa mgongo.

Karatasi ya kwanza ilianza: *Baada ya uchunguzi wa kina, mimi niligundua.* Akaichana. Ya pili ilisema *mimi pamoja na msaidizi wangu*. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ya kwanza, kisha nayo akaichana. Alijua anachokichezea. Bodi gani ingempa magari manne fundi wa harufu asiyenusa? Na mtaa ungecheka mpaka mwakani. Upande wa pili ulikuwa mgongo ule ulioinamia cherehani, na kijana mwenye adabu hatua thelathini kutoka hapo.

Akaandika ya tatu bila kusimama, akaisukuma mezani. Mama Cherehani akasimamisha mashine, akasoma, kidole kikifuata mistari.

“Hapa umeandika ‘mke wangu hunisaidia kunusa’.”

“Si kweli?”

“Si kweli. Mtu husaidiwa anachokifanya. Wewe hunusi kabisa.”

Fundi Baridi akaichukua kalamu, akafuta, akaandika juu yake: *Mimi sinusi, ni mwaka wa nne sasa. Magari yote niliyoyatoa safi yamenuswa na mke wangu. Gari hili nililitoa mara ya kwanza bila kumsikiliza, ndiyo maana lilirudi. Mara ya pili nilimsikiliza.* Akanakili yote upya kwa mwandiko wake mzuri. Akatia sahihi. Akamgeuzia karatasi, na mkewe, aliyezoea kutia alama za chaki kwenye vitambaa vya watu, akatia sahihi yake kando, kubwa kuliko ya mumewe.

Kisha Mama Cherehani akaitoa barua ya Profesa kwenye bahasha, akaikunja mara nne, akainama na kuitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu masika. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ilitulia. Fundi Baridi aliona kwamba barua haikuchanwa, na ingeweza kutolewa pale siku yoyote. Hilo aliliona vizuri sana, akalimeza.

“Nikutilie chai?” mkewe akauliza.

“Nikirudi. Nitatia mimi.”

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi. Uchungu ulimi wake bado uliujua. Akaibana kwa kiganja, akabandika stempu, akatoka.

Profesa alikuwa mlangoni kwake, ovaroli imemkaa sawasawa. “Shikamoo, mzee. Samahani, mama amesemaje kuhusu barua yangu?”

Fundi Baridi alisimama. Kwa mara ya kwanza alimtazama kijana usoni, akaona kwamba ana wasiwasi kama mtu yeyote.

“Marahaba. Barua yako tunayo, imetufaa. Jibu atakupa mwenyewe, usiniulize mimi.” Akapiga hatua mbili, akageuka. “Na uchungulie chini ya magari, kijana. Kama hayadondoshi maji, usipulize kitu.”

Akaenda mpaka kwenye sanduku la posta kwenye kona. Akaishika bahasha kidogo juu ya tundu, mtaa mzima uko nyuma yake, kisha akaiachia, akaisikia ikigonga chini.